Kigurudumu cha Mshipi: cha Zamani, cha Kisasa, na Namna ya Kujifunza Kurusha

Wananchi wa visiwani, hususan vijana wanaovua kwa ufito ufukweni, kwenye magati na juu ya mashua, wanaletewa maelezo haya ili wapate kufahamu tofauti baina ya vigurudumu vya mshipi vya aina ya zamani na vile vya kisasa, na jinsi ya kujifunza kurusha bila ya kumjeruhi mtu, kupoteza mshipi baharini wala kutupa fedha. Zana hii, ambayo wengi huiita rili, haikubuniwa katika pwani hii, na anayeinunua mara nyingi huichagua kwa kutazama mng'aro wake. Bei ya kigurudumu kilicho imara yaweza kulingana na kipato cha mvuvi cha siku nyingi. Kikiliwa na chumvi ndani ya msimu mmoja, hasara ni ya nyumba nzima.

Kabla ya kuvieleza vigurudumu, hapana budi kuuangalia mshipi wa mkono, kwa kuwa ndio kipimo ambacho mvuvi wa Unguja na Pemba hupimia kila zana mpya. Mshipi wa mkono ni uzi uliozungushiwa kibao au kipande cha boya, chubwi la risasi, ndoana na chambo, basi. Mvuvi aliye juu ya ngalawa huuteremsha wima mpaka chini, akahesabu pima kwa mikono yake, akainua chubwi kidogo lisilale kwenye mwamba, akasubiri. Hapana kurusha, wala hapana kitu chochote baina ya kidole na uzi. Changu akigusa chambo kwenye pima 20 za maji, kidole hupata habari mara ile ile. Chewa akivuta kwa nguvu, mkono ndio breki: hubana, huachia, hubana tena. Hakuna kigurudumu, cha bei yoyote, kinachompita mvuvi hodari wa mshipi katika kazi hiyo ya kuvua chini ya chombo kilichotia nanga, na anayeuita mshipi wa mkono zana ya kimaskini bila shaka hajautumia.

Udhaifu wake huonekana mvuvi anaposimama nchi kavu. Hapo hulazimika kuulaza uzi mchangani kwa mizunguko, akalizungusha chubwi juu ya kichwa na kuliachia. Haliendi mbali, mchanga huingia katika uzi, na mzunguko mmoja ukinasa kwenye kidole cha mguu au kijiti, chubwi hurudi au uzi hukatika. Aidha, samaki wa mbio kama kolekole na nguru huuvuta uzi upesi kuliko kidole kinavyoweza kustahamili, na uzi wa nailoni unaokimbia hukata ngozi kama wembe. Kigurudumu kilibuniwa kwa ajili ya haja hizo: kuuweka uzi mahali pamoja, kuutoa bila ya kutatizika, na kumzuia samaki kwa nguvu inayopimika.

Uzi hutokaje?

Tofauti kubwa baina ya vigurudumu haitokani na umri wala na madini yaliyotumika kuviundia. Inatokana na jinsi uzi unavyotoka wakati wa kurusha. Jambo hili laweza kuonekana nyumbani kwa bobini ya cherehani. Bobini ikichomekwa kwenye sindano nene na uzi ukavutwa kwa ubavuni, bobini huzunguka. Uzi ukivutwa kwa upande wa ncha, sambamba na sindano, bobini hutulia na uzi hutoka wenyewe, duara moja baada ya jingine. Vigurudumu vyote duniani vimejengwa juu ya mojawapo ya njia hizo mbili.

Njia ya kwanza, ya bobini inayozunguka, ndiyo kongwe. Mchoraji wa China, Ma Yuan, alichora mnamo mwaka 1195 picha ya mtu aliye peke yake ndani ya mashua, ameshika ufito wenye kigurudumu, na picha hiyo ndiyo ushahidi wa kale unaojulikana zaidi wa zana hii. Katika maandishi ya Kiingereza kigurudumu kinatajwa na Thomas Barker katika kitabu chake cha uvuvi cha 1651. Katika karne ya 19 mafundi wa Nottingham nchini Uingereza, mji uliokuwa maarufu kwa lesi, walichonga vigurudumu vya mbao vyenye bobini pana iliyozunguka kwa wepesi juu ya msumari mmoja wa katikati. Havikuwa na gia, na mpini ukizungushwa mara moja, bobini nayo huzunguka mara moja.

Huko Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, fundi wa saa aitwaye George Snyder aliongeza gia, hata mzunguko mmoja wa mpini ukawa mizunguko 4 ya bobini. Kazi yake ilikuwa ya saa, na kweli ndani ya kigurudumu cha namna hiyo mna meno madogo yanayoshikana kama yale ya saa. Vigurudumu vikubwa vya gia vinavyoonekana leo kwenye boti zinazorambaza, yaani zinazoburura chambo nyuma ya chombo kutafuta jodari na nduwaro, ni vizazi vya kigurudumu cha Snyder. Kwa maneno mengine, zana inayohesabiwa kuwa ya kisasa kuliko zote katika boti hizo inatumia njia iliyo kongwe kuliko zote.

Njia ya pili, ya bobini iliyotulia, ilichelewa. Peter Malloch wa Perth huko Uskochi alipata hataza mwaka 1884 kwa kigurudumu ambacho bobini yake hugeuzwa ubavu wakati wa kurusha, uzi ukatoka kwa upande wa ncha, kisha hurudishwa mahali pake wakati wa kuvuta. Mwaka 1905 Alfred Illingworth, aliyekuwa katika biashara ya viwanda vya nguo huko Bradford, alipata hataza ya kigurudumu ambacho bobini yake haigeuzwi kabisa. Mvuvi akizungusha mpini, kono dogo huzunguka bobini na kuulaza uzi juu yake. Mtu aliyekaa na mashine za kusokota nyuzi alikuwa na sababu ya kuliona jambo hilo kabla ya wengine. Kigurudumu cha kono la waya, ambacho ndicho kinachouzwa kwa wingi madukani siku hizi, ni kizazi cha kile cha Illingworth. Nayo ile njia ya Malloch ya kugeuza bobini ilichukuliwa huko Queensland, Australia, na Charles Alvey, aliyeanza kuunda vigurudumu vikubwa vya mbao mwaka 1920 kwa ajili ya wavuvi wa fukwe zenye mawimbi.

Ifahamike pia kwamba uzi wenyewe ulibadilisha uvuvi kuliko gia na beringi zote. Zamani ulikuwa wa pamba, kitani, hariri au singa za farasi. Ulilowa, ukavimba na kuoza, na mvuvi alipaswa kuuanika kila anaporejea. Nailoni ilitangazwa rasmi Marekani mwaka 1938 na kuenea katika uvuvi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kigurudumu cha bobini iliyotulia kilipata uzi unaokifaa siku hiyo: mwembamba na laini. Lakini pamba iliyosahauliwa baharini ilikuwa ikioza. Nailoni haiozi upesi. Hubaki miaka mingi ikiviringana na matumbawe, mapezi ya kasa na miguu ya ndege.

Kipi kinafaa wapi

Kijana anayevua kutoka ufukweni au gatini kwa chubwi dogo la gramu 20 hadi 60 hufaa kuanza na kigurudumu cha kono la waya. Bobini yake haizunguki wakati wa kurusha, hivyo uzi hautatiziki kwa urahisi, na chambo chepesi huweza kwenda hata mkononi mwa anayejifunza. Kasoro yake ni kwamba uzi husokoteka, hasa mvuvi anapoendelea kuzungusha mpini ilhali samaki anavuta na breki inateleza. Kila mzunguko wa kono huongeza msokoto mmoja, na baada ya muda uzi hujikunja wenyewe kama nywele. Samaki anapovuta, mpini hauzungushwi. Ufito huinuliwa taratibu, kisha hushushwa huku mpini ukizungushwa ili kuuchukua uzi uliolegea, na kuendelea hivyo.

Kigurudumu cha gia chenye bobini inayozunguka kina nguvu zaidi, hubeba uzi mnene mwingi, na hufaa kwa kurambaza na kwa kuvuta samaki mzito kutoka kilindini. Kurusha kwake ndiko kugumu. Anayeanzia hapo hukata tamaa wiki ya kwanza.

Cha kugeuza ubavu hakina gia wala kono. Mchanga ukiingia, huoshwa ukatoka. Kwa mtu anayevua mwaka mzima kwenye mchanga na mawimbi, na asiye na fundi wala vipuri karibu, ukale wake huo ndio ubora wake. Hata hivyo bobini yake ni lazima iwe kubwa, kwa kuwa mzunguko mmoja wa mpini huvuta mzunguko mmoja tu wa uzi, na kwa sababu ya kugeuzwa huusokota uzi kila unaporushwa. Pete yenye kuzunguka, ikifungwa baina ya uzi na chambo, hupunguza msokoto huo.

Muuzaji akitaja namba kama 4 kwa 1 au 6 kwa 1, hiyo ni hesabu ya gia, na namba kubwa si lazima iwe bora. Kigurudumu cha 6 kwa 1 huvuta uzi haraka, hufaa kwa chambo cha bandia kinachokimbizwa na kolekole au mzia, lakini mzigo ukiwa mzito mpini huwa mgumu. Cha 4 kwa 1 ni cha polepole na kina nguvu. Ni sawa na baiskeli mlimani.

Kujifunza kurusha

Mafunzo huanza bila ya ndoana. Chubwi dogo hufungwa mwishoni mwa uzi, na mahali panapofaa ni kiwanja cha mpira kisicho na watu au ufukwe mtupu maji yanapokupwa. Shabaha iwe hatua 20 tu, kwa mfano kifuu cha nazi. Anayejifunza asitafute umbali. Wengi hutumia nguvu nyingi, chubwi likaenda juu kama kishada na kuanguka karibu.

Kwa kigurudumu cha kono la waya, uzi huachwa uning'inie kama shibiri tatu kutoka ncha ya ufito. Kidole cha shahada huunasa uzi na kuubana juu ya ufito, kisha kono la waya hufunguliwa. Ufito hupelekwa nyuma taratibu mpaka uzito wa chubwi usikike ukiupinda. Ndipo husukumwa mbele kwa kuongeza kasi, mkono wa juu ukisukuma na wa chini ukivuta kuelekea tumboni. Ncha ya ufito ikishapita juu ya kichwa na kuanza kuelekea shabaha, kidole huachia. Kikiachia mapema, chubwi hupaa. Kikichelewa, hupiga ardhi mbele ya miguu. Alama hizo mbili ndizo mwalimu, na baada ya kurusha mara 30 au 40 kidole hujua chenyewe. Chubwi likikaribia kuanguka, kidole huugusa uzi kuupunguza mwendo, kono hufungwa kwa mkono, na uzi hukazwa kabla ya mpini kuzungushwa. Asiyekaza hulaza mizunguko milegevu juu ya bobini, na atakaporusha tena hutoka mafundo.

Bobini ijazwe uzi mpaka ubaki upungufu wa milimita 2 au 3 kufikia ukingo. Ikiwa na upungufu mkubwa, uzi husuguana na ukingo na hauendi mbali. Ikijazwa kupita kiasi, uzi humwagika.

Kwa bobini inayozunguka, gumba ndilo lenye kazi. Sababu yake yafaa ieleweke. Chubwi huondoka kwa kasi kubwa na kuiburuta bobini izunguke. Baada ya hapo hewa hulipunguza chubwi mwendo, lakini bobini, ikiwa nzito na imekwisha kupata kasi, haipungui kwa kiwango kile kile. Hutoa uzi mwingi kuliko unaochukuliwa, na uzi uliozidi hujifunga ndani ya kigurudumu kwa mtatizo ambao huweza kuchukua saa nzima kuufumbua, au kumalizwa kwa kisu. Vigurudumu vipya vina breki za sumaku, au vijiti vidogo ambavyo kasi ya mzunguko huvisukuma nje vikagusa ukuta. Vinasaidia sana. Hata hivyo breki hizo haziujui upepo, wala haziwezi kuona chubwi linapogusa maji. Gumba hulala juu ya uzi kwa wepesi muda wote wa kurusha, na huisimamisha bobini kabisa mara chubwi linapotua.

Ipo njia nyepesi ya kuitengeneza breki ya kurushia kabla ya kuanza. Ufito hunyooshwa mbele, bobini hufunguliwa, na chubwi huachwa lishuke lenyewe mpaka chini. Likigusa ardhi, bobini nayo inapaswa kusimama wakati ule ule. Ikiendelea kuzunguka, breki ikazwe. Ikiwa chubwi haliteremki, ilegezwe. Kila uzito wa chubwi unapobadilishwa, jaribio hurudiwa.

Breki ya samaki ni nyingine. Hiyo huamua samaki aweze kuchukua uzi kwa nguvu kiasi gani, na desturi ni kuiweka baina ya robo na theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 10, basi, hukazwa kwa kilo 2.5 hadi 3.3, na kipimo chake hupatikana kwa kuufunga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza na kuuvuta mpaka bobini iteleze. Wengi huikaza breki wanapomwona samaki anakimbia, na hapo ndipo uzi unapokatika. Uzi unapopungua kwenye bobini, duara lake huwa dogo, na kwa breki ile ile mvutano huongezeka; duara likipungua kufikia nusu, mvutano huwa mara mbili. Samaki aliyekwenda mbali huhitaji breki ilegezwe kidogo.

Usalama wa watu na wa pwani

Chubwi la gramu 100 lililorushwa kwa nguvu likikatika uzi huruka kama jiwe la kombeo, na laweza kuua. Kwa sababu hiyo wanaorusha machubwi mazito hufunga mbele ya uzi wa kawaida kipande cha uzi mnene, chenye urefu wa kutosha kuzunguka bobini mara kadhaa chubwi likiwa linaning'inia. Kanuni yake ni kilo 4.5 za nguvu ya uzi kwa kila gramu 28 za risasi. Chubwi la gramu 100 huhitaji uzi wa mbele wa kilo 16 au zaidi; la gramu 150, kilo 24. Fundo linalounganisha nyuzi hizo mbili likaguliwe kwa macho na kwa kucha kila baada ya kurusha mara chache.

Kabla ya kila mrusho mvuvi hugeuka na kutazama nyuma. Watoto hupenda kusogea, na ndoana ikiwa nyuma haina macho. Katika fukwe za mashariki ya Unguja kama vile Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianzishwa mwaka 1989, maji yanapokupwa kina mama huinama kwenye vishamba vyao kwa saa nyingi. Ndoana iliyokatikia kwenye kamba ya mwani haionekani mpaka ishike mkono. Hivyo basi, hairushwi juu ya vishamba vya mwani, wenyewe wawepo au wasiwepo. Vilevile hairushwi karibu na wanaooga, wala juu ya kamba za madau yaliyotia nanga.

Pepo za Kusi na Kaskazi zina sehemu yake. Upepo ukimpiga anayejifunza usoni, bobini inayozunguka itamtatiza kila mara. Ni heri asogee upande wa pili wa ghuba au asubiri. Wakati wa masika, radi inapoanza kusikika, ufito hulazwa chini na mvuvi huondoka, kwani fito nyingi za leo zimeundwa kwa kaboni, na kaboni hupitisha umeme.

Matunzo ni kazi ndogo ya kila siku. Kigurudumu huoshwa kwa maji matamu yanayomiminwa polepole. Maji ya kasi kutoka bombani huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Breki ya samaki hulegezwa baada ya kuvua ili visahani vyake visigandamane, na tone la mafuta ya cherehani huwekwa kwenye mpini na maungio ya kono. Gia hupakwa grisi, si mafuta mepesi. Cha mbao hukaushwa kivulini, kwani juani hupinda. Vipande vya nailoni vilivyokatwa hukusanywa na kurudishwa nyumbani, vikakatwakatwa vifupi kabla ya kutupwa jaani.

Ndoana ikimwingia mtu mwilini, uzi ukatwe kwanza ili usije ukavutwa na mtu au wimbi. Iliyoingia karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo haiguswi. Hufunikwa kwa kitambaa safi bila ya kugandamizwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali ilivyo. Iliyoingia kwingine nayo haing'olewi kwa nguvu, kwa kuwa kigumba chake huchana nyama wakati wa kutoka. Hupelekwa kituo cha afya, ambako mhudumu ataitoa, ataisafisha jeraha na kuuliza kama majeruhi amepata chanjo ya pepopunda.